Mlango wa Kumi na Moja, Upande wa Mlima

Vijana mliokabidhiwa madaftari yetu,

Mmeniomba niwaeleze namna kazi ilivyofanyika, ili nanyi muiendeleze. Nitaeleza, ila sitafuata mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa tarehe zote zimo ndani ya madaftari na nilizihakiki mwenyewe. Mkikuta tarehe isiyo sahihi, jueni kwamba iliandikwa na Mwalimu Teofili.

Nimefanya kazi mbili maishani. Ya kwanza ni ushonaji, tangu mwaka 1963 nilipoolewa na Fundi Idrisa hadi macho yangu yalipokataa kuona tundu la sindano. Ya pili ni ukatibu wa chama chetu cha kukumbuka maduka ya zamani ya barabara kuu ya Gisenyi. Ya kwanza ilinilisha. Ya pili ilinimalizia kalamu za risasi.

Chama kilianza Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1997, saa nane mchana, sebuleni kwa Mwalimu Teofili, ambaye alikuwa amestaafu ualimu lakini hakuwa amestaafu kusahihisha watu. Tulikuwa sita. Chanzo kilikuwa kidogo. Kijana aliyerudi kutoka Tanzania alimwuliza Mwalimu mahali lilipokuwa duka la mikate la zamani, kwa kuwa bibi yake alizoea kulitaja. Mwalimu akaonyesha upande mmoja. Mpita njia akaonyesha upande mwingine. Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya akasema mji huu haujawahi kuwa na duka la mikate. Mwalimu alirudi nyumbani amekasirika, na juma lililofuata tulikuwa na chama.

Miaka ile wengi walikuwa wamerudi, wengi walikuwa wameondoka, na wengine hawakuwapo tena duniani. Sababu sitazieleza, nyote mnazijua. Linalohusu kazi ni kwamba mashahidi walikuwa wachache, na kila aliyebaki alikuwa na kipande chake tu cha barabara.

Kosa letu la kwanza lilikuwa daftari lenyewe. Tuliingia madukani tukiwa tumelifungua, kalamu mkononi, tukauliza duka hili zamani lilikuwa la nani. Wakati ule swali la mwenye nyumba lilikuwa swali la kumnyima mtu usingizi, nasi tulikuwa tukiliuliza kama watu wanaouliza saa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sabuni alinitazama kwa adabu kubwa.

"Mi sijui kitu, mama. Mi niko hapa tangu asubui tu."

"Asubuhi ya lini?"

"Ya leo."

Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango, kwa rangi iliyokwisha kupauka.

Kwa hiyo shikeni hili. Msiulize jengo ni la nani. Hiyo ni kazi ya ofisi nyingine, na ina watu wake. Ulizeni kilichouzwa, na nani alisimama nyuma ya meza. Daftari libaki mkobani mpaka muulizane habari za watoto. Nendeni siku ya mvua, kwa maana mvua ya hapa huwakusanya watu barazani bila kuwaomba, na mtu aliyezuiwa na mvua huchoka kunyamaza. Wala msimwambie mtu "nikumbushie duka". Mwulizeni alipokuwa mtoto alitumwa kununua nini, na alichapwa kwa sababu gani aliporudi. Duka la mafuta ya taa tulilipata kupitia viboko vya watu wanne, na wote walikubaliana hata juu ya rangi ya pipa.

Kosa la pili lilikuwa la chama kizima, na lilidumu miezi minne. Tuliandika milango kwa kuihesabu, ya kushoto na ya kulia. Kufikia Krismasi tulikuwa na barabara mbili. Katika barabara ya kwanza kinyozi alikuwa kushoto na duka la chumvi kulia; katika ya pili, kinyozi alikuwa kulia na chumvi kushoto. Mwalimu alisema baadhi ya mashahidi ni waongo. Mama Furaha, mwanachama mwenzetu anayevuka kila siku kutoka Goma na vitenge vyake, alisema si waongo, ni wazee. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Mimi nilifanya kile ambacho fundi hufanya suti isipokaa: niliigeuza nje ndani. Nilipitia majina ya mashahidi nikaandika kando ya kila mmoja mahali anapokaa. Wale wa barabara ya kwanza wote walikuwa watu wa upande wa Grande Barrière. Wao huingia mjini kutoka mpakani, ziwa likiwa kulia kwao. Wale wa pili walikuwa watu wa Rugerero, wanaoingia kwa mwisho mwingine, ziwa likiwa kushoto. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Kila mtu alikuwa ametembea barabara moja kwa miaka arobaini akiielekea kutoka kwao.

Jumamosi ya tarehe 14 Februari 1998 nilipendekeza maneno "kushoto" na "kulia" yafutwe, tuandike "upande wa ziwa" na "upande wa mlima", kwa sababu ziwa na mlima havigeuki mtu anapogeuka.

"Hilo nilikuwa karibu kulisema," akasema Mwalimu Teofili.

Tuliandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba alikuwa karibu.

Baada ya hapo ilibidi kila mlango uthibitishwe upya, na hapa ndipo niliponaswa na sheria yangu mwenyewe.

Sheria hiyo niliileta mapema, tarehe 18 Oktoba 1997. Mwanachama mmoja, ambaye jina lake ninalijua, alikuwa ametuambia kwamba mjomba wake alikuwa na maduka matatu barabarani.

"Mashahidi wako ni nani?" nikamwuliza.

"Ndugu zangu mbili."

"Walizaliwa lini?"

"Bon, kuzaliwa walizaliwa nyuma. Lakini walisikia."

Ndipo nikasimama nikapendekeza kwamba hakuna mlango utakaoingia katika orodha bila mashahidi wawili walioliona duka kwa macho yao, wala hakuna ndugu, mke, mume au mkwe atakayehesabiwa kuwa shahidi. Vilevile, neno la kwanza la shahidi ndilo litakaloandikwa, hata akija kulijutia. Ilipita kwa kura tano dhidi ya moja. Nilirudi nyumbani nikijiona sana, jambo ambalo siwashauri mlifanye.

Mlango wa kumi na moja, upande wa mlima, ulikuwa wa mume wangu.

Fundi Idrisa alishona hapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1978. Mwaka huo duka la jirani lilipanuliwa, mlango wa Fundi ukazibwa kwa matofali na ukuta ukapakwa chokaa. Alihamishia cherehani nyumbani, akafariki mwaka 1989 kwa ugonjwa wa kifua. Leo ukipita pale unaona ukuta mtupu, umenyooka vizuri. Waashi walifanya kazi nzuri. Katika daftari la zamani mlango ule ulikuwa na mashahidi wawili: Mama Furaha, aliyeshonewa pale sare ya shule, na mimi. Tulipohakiki upya nilifuta jina langu kwa mkono wangu. Akabaki mmoja.

Nilitafuta. Mwenye duka la chumvi alikuwa amefariki. Kinyozi hakujulikana alipo. Wateja niliowakumbuka kwa vipimo vyao vya kiuno sikuweza kuwapata hata kwa majina. Mwalimu Teofili alikuwa amepata mtu wa kutupigia chapa orodha nzima mwishoni mwa Novemba, na mlango usiokuwa na mashahidi wawili ungeachwa. Baada ya mlango wa kumi ungefuata wa kumi na mbili, ambao sasa ungeitwa wa kumi na moja.

Mama Furaha aliniona nikihesabu kurasa.

"Mama, wewe si ulikaa mule ndani miaka kumi na ine? Andika tu jina la mutu yeyote. Nani atakuuliza?"

"Mimi."

"Basi toa ile sheria. Uliiweka wewe, donc wewe unaweza kuitoa."

"Nikiitoa, maduka matatu ya mjomba yanaingia."

Alitafakari jambo hilo. "Yale maduka hapana," akasema.

Bila kuniambia, akaanza kuuliza sokoni, pande zote mbili za mpaka, kila alipokunjua kitenge: nani anamkumbuka Fundi Idrisa? Alirudi baada ya majuma matatu akiwa na habari, lakini akakaa kwanza, akaomba maji, akanywa yote.

"Iko mutu mumoja. Bonifasi, ule aliendesha malori. Anakaa Rugerero."

"Anamkumbuka?"

"Anamukumbuka sana. Anamutukana mpaka leo."

Nawaambia ukweli, vijana, nilikaa siku tisa bila kwenda. Nilikuwa mjane mwenye kuheshimiwa. Sikuona sababu ya kupanda mpaka Rugerero kusikiliza mume wangu akitukanwa, kisha niyaandike matusi hayo kwa hati nzuri. Nilijiambia kwamba ni heri asiwemo katika orodha kuliko awemo hivyo. Siku ya tisa nikapita barabarani kwenda kununua mafuta, nikautazama ule ukuta. Haukuwa na hata alama ya kizingiti. Nikanunua mafuta, nikarudi, nikachonga kalamu.

Jumanne, tarehe 3 Novemba 1998, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwa Mzee Bonifasi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya usukani, na alikuwa akichambua maharage na mke wake. Nilijitambulisha kuwa katibu wa chama. Sikusema zaidi, kwa maana anayeuliza haruhusiwi kumwelekeza anayejibu. Hilo nalo nililiandika mimi.

Nilianza kwa mbali: alipita barabara kuu miaka ipi, alinunua nini, wapi. Alijibu vizuri. Kisha nikauliza kama anakumbuka fundi wa nguo upande wa mlima.

Aliweka ungo chini.

"Idrisa," akasema. "Andika. Ule alikuwa fundi mubaya kupita mafundi wote wa hapa mupaka Goma."

Niliandika. Mke wake, Mama Klotilda, akatikisa kichwa.

"Ameanza," akaniambia. "Mama, ungekuja na chakula. Hii haiishi leo."

"Alinishonea costume, suti ya ndoa," akaendelea Bonifasi. "Mwaka sitini na tisa. Mukono ya kuume, sawa. Mukono ya kushoto, inaishia huku." Akajigusa juu ya kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mahali panapostahili. "Ndani ya kanisa, mbele ya padri, mi naficha mukono nyuma kama mwizi. Padri anasema toa mukono tuvalishe pete. Mukono gani? Ule ule."

"Watu walicheka?" nikauliza. Swali hilo halikuwamo katika orodha ya maswali.

"Shemeji zangu wanacheka mpaka sasa. Mumoja alikufa akicheka."

"Usiongope," akasema Mama Klotilda. "Alikufa na malaria."

"Alikuwa anacheka mbele ya malaria."

Nikauliza kama ana kitu chochote cha kuthibitisha, kwa maana kitu cha mkononi kina nguvu kuliko maneno. Aliingia ndani akatoka na koti, limekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. La rangi ya kahawia, nondo wamekula kola kidogo. Akalitandaza juu ya magoti yangu.

Fundi huijua kazi ya mkono wake kama mtu anavyoijua sauti yake mwenyewe. Sikuhitaji kulipima. Mshono wa begani ulikuwa wa mume wangu: mfupi, ulionyooka. Mshono wa mkono wa kushoto ulikuwa na pigo refu baada ya kila mapigo matatu, kwa sababu aliyeushona alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini na kupumua kwenye la nne. Mwaka 1969 nilikuwa bado sijui kusoma, wala namba. Idrisa alinipimia wateja kwa uzi: kila kipimo kifundo chake, na kila mteja msumari wake ukutani. Kwa kawaida mikono miwili hukatwa pamoja, kitambaa kikiwa kimekunjwa. Cha Bonifasi kilikuwa haba, hakikukunjika. Nilikata mkono mmoja, nikala chakula cha mchana, nikarudi nikakata wa pili. Uzi wa mkono wa pili niliutoa kwenye msumari uliokuwa kando ya wake, ambao ulikuwa wa karani mmoja mfupi.

Bonifasi alipokuja kulalamika, siku mbili baada ya harusi, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kila neno. Nilimsikia pia mume wangu akijibu: "Mkono ni wangu, bwana. Lete nirekebishe." Bonifasi alikataa, akaondoka na koti lake. Idrisa alirudi nyuma ya pazia, akaning'iniza mkasi mahali pake, akaniuliza kama tumebakiwa na uzi wa kahawia. Hakulizungumza tena mpaka anakufa. Mwezi uliofuata aliniandikisha katika darasa la watu wazima, akasema ni kwa ajili ya vipimo.

Sasa nilikuwa na koti magotini na kalamu mkononi. Neno la kwanza la shahidi lilikuwa limeandikwa, na shahidi wa pili alikuwa amepatikana. Ningefunga daftari niondoke, na mlango ungeingia katika orodha. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha, kisha nikavua miwani.

"Mzee Bonifasi," nikasema, "mimi ni mjane wa Idrisa. Na mkono huu niliushona mimi."

Mama Klotilda aliacha kuchambua. Bonifasi alinitazama, akatazama koti, akanitazama tena.

"Wewe?"

"Mimi. Yeye alishona lililobaki."

"Miaka makumi mbili na kenda," akasema polepole, "mi natukana mutu bure?"

"Si bure kabisa. Duka lilikuwa lake."

Aliokota harage moja lililoanguka, akalirudisha ungoni. Kisha akaanza kuwa na haraka, kama mtu aliyeacha gari kwenye mteremko.

"Futa. Futa ile ya kwanza. Andika: Idrisa alikuwa fundi muzuri. Bega iko muzuri, angalia, hii bega hata leo inasimama. Andika bega."

"Siwezi kufuta. Ulilolisema kabla hujanijua ndilo linalosimama. Nikilifuta, watu watasema ulimhurumia mjane."

"Lakini mi namuhurumia mujane!"

"Ndiyo sababu siwezi kufuta."

"Huyu mama ni mugumu," akamwambia mke wake.

"Mukono wake unaonyesha," akajibu Mama Klotilda.

Tulikubaliana hivi: ushahidi wake ubaki kama alivyousema, na chini yake katibu aandike maelezo yake na kuyatia sahihi. Nilimsomea yote mawili. Akauliza kama akitia sahihi atakuwa ameapa kwamba Idrisa alikuwa fundi mbaya. Nikamjibu kwamba atakuwa ameapa kwamba alikwenda dukani kwake. Alishika kalamu kwa ngumi, akaandika jina lake lote, pamoja na la baba yake. Nikampa nafasi ya kurekebishiwa mkono wa koti. Upindo wa ndani ulikuwa na akiba ya kutosha, ningeweza kuushusha vidole viwili. Alilichukua koti magotini pangu.

"Acha hivyo," akasema. "Shemeji mumoja angali hai."

Mlango wa kumi na moja ulipoletwa kikaoni, Mwalimu Teofili aliusoma kimya, akasogeza miwani, akaniuliza kama nina hakika nataka mambo haya yapigwe chapa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba maelezo ya katibu hayakuwa ya lazima, ushahidi ulitosha. Nilimjibu kwamba katika orodha yetu tumeandika mafuta ya taa yaliyochanganywa maji na chumvi iliyokuwa na mchanga, majina yakiwapo. Sikuona kwa nini mkono wa koti uachwe. Mama Furaha akasema, "Mwalimu, soma mbele," naye akapitisha.

Orodha ilisomwa hadharani Jumamosi, tarehe 28 Novemba 1998, katika chumba cha parokia tulichoazimwa, mlango ukiwa wazi ili watu wa msikiti nao wajisikie wamealikwa. Walikuja. Viti havikutosha. Mwalimu alisoma mlango kwa mlango, kutoka mpakani kwenda Rugerero, upande wa ziwa kwanza. Kila mlango uliposomwa, kulikuwa na mtu aliyeguna au aliyemgusa jirani yake. Bonifasi alikuwa ameketi karibu na dirisha, na ingawa kulikuwa na joto, alikuwa amevaa koti la kahawia.

Ilipofika zamu, Mwalimu alisoma hivi, nami nanakili kutoka kwenye karatasi:

"Mlango wa kumi na moja, upande wa mlima. Idrisa, fundi wa nguo, 1964 hadi 1978. Mlango umezibwa. Shahidi wa kwanza alishonewa sare ya shule, ikamfaa. Shahidi wa pili anasema alikuwa fundi mbaya kupita wote wa hapa mpaka Goma. Maelezo ya katibu: mkono wa kushoto ulishonwa na mke wake, kwa kipimo cha mtu mwingine. Fundi alilijua hilo na alisema mkono ni wake."

Bonifasi alisimama. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, sawasawa, jinsi fundi anavyomtaka mteja asimame, ili kila aliyekuwamo chumbani aone. Nyuma kulikuwa na kicheko kimoja, ambacho nadhani kilikuwa cha shemeji. Watu waliangalia mkono wa kulia, wakaangalia wa kushoto, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka kuniangalia mimi. Nilikaa wima, mkoba magotini.

Bonifasi akaketi. Mwalimu Teofili akalowesha kidole, akafunua ukurasa, akasoma mlango wa kumi na mbili.